Kupinda kwa Taswira Kwenye Darubini za Macho Mawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nguzo ikiwa katikati ya darubini imenyooka, nikiisogeza pembeni inapinda. Je, darubini yangu ni mbovu?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Unachokiona ni mpindo wa taswira, na darubini nyingi zimeundwa makusudi ziwe nao. Mpindo huu hauleti ukungu. Nguzo inaweza kupinda waziwazi huku kila mchubuko wa rangi yake ukisomeka vizuri, kwa sababu kilichobadilika ni mahali ambapo kila nukta ya taswira imewekwa, si ukali wake.

Kuna kipimo kimoja cha haraka cha kutenganisha muundo na ubovu. Mstari unaopita katikati kabisa ya uwanja wa kuona haupaswi kupinda hata kidogo, uwe wa wima, wa mlalo au wa mshazari. Ukipinda hapo, au ukipinda zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia, kuna lenzi au prizimu (kipande cha kioo kinachogeuza taswira isimame wima) iliyohama mahali pake. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kuna aina ngapi za mpindo?

Utakayokutana nayo zaidi ni mpindo wa mto. Ukuzaji huongezeka kadiri unavyotoka katikati, kwa hiyo mstari ulio pembeni huingiza tumbo lake kuelekea katikati na ncha zake hukimbilia nje. Mpindo wa pipa ni kinyume chake: tumbo hutoka nje, ncha hujikunja kuingia ndani. Huu wa pipa ni adimu kwenye darubini za macho mawili.

Ipo pia ya mchanganyiko. Mpindo wa mto hukua mpaka sehemu fulani kati ya katikati na ukingo, kisha hupungua tena kuelekea ukingoni, na mstari mrefu hujikunja mara mbili kama masharubu. Huonekana hasa kwenye darubini zenye lenzi za kusawazisha uwanja, yaani za kufanya pembeni pawe pakali kama katikati, na baadhi ya watu huuona unasumbua kuliko mpindo wa mto wa kawaida, kwa sababu kwenye ule ukanda unaogeuka vitu hubadilisha mwendo ghafla.

Mpindo unatoka kwenye kioo kipi?

Unatoka kwenye lenzi za upande wa jicho. Chukua darubini ya 8x, yaani inayokuza mara 8, yenye uwanja wa nyuzi 7. Lenzi ya mbele inapokea miale iliyoinama nyuzi 3.5 tu kutoka katikati, na kwa pembe ndogo hivyo mpindo wake hauna maana. Lenzi za jicho ndizo zinazolazimika kuitoa miale hiyohiyo ikiwa imeinama nyuzi 26 hadi 28, huku mboni ya jicho ikiwa milimita 15 au 20 nyuma yake. Miale ya pembeni inapita karibu na kingo za vioo, mahali ambapo lenzi hukunja mwanga kwa nguvu isiyolingana na ya katikati. Prizimu zina nyuso bapa na mchango wake ni mdogo sana.

Ndiyo maana hakuna skrubu ya kurekebisha mpindo. Umo ndani ya umbo la vioo. Gurudumu la fokasi, pete ya dayopta (ya kusawazisha tofauti kati ya jicho la kushoto na la kulia) na kurekebisha upana kati ya macho havitaugusa.

Kwa nini mtengenezaji auache makusudi, na ana uwezo wa kuuondoa?

Kwa sababu darubini isiyo na mpindo kabisa huleta tatizo jingine pale unapoitembeza. Ukifagia uwanda au ukuta wa matofali, mandhari huonekana kana kwamba imebandikwa juu ya tufe linaloviringika: vitu vinachomoza ukingoni, vinaongeza mwendo na kuvimba vinapofika katikati, kisha vinapungua na kuzama upande wa pili. Hii ndiyo athari ya tufe. Ukisimama haionekani. Ukitembeza inaweza kukuchafua tumbo.

Wanaoptiki wa Ujerumani waliliandikia suala hili mapema: Slevogt mwaka 1946 na Sonnefeld mwaka 1949. Hoja yao ilikuwa kwamba chombo kinachotumiwa na jicho hakipaswi kupimwa kwa kanuni ya kamera, inayodai kila mstari ubaki umenyooka. Baada ya hapo kampuni ya Zeiss wakaanza kutia kiasi cha mpindo wa mto kwenye darubini zao ili mandhari itulie inapotembea, na watengenezaji wengi wakafuata. Tangu wakati huo kila muundo ni mapatano kati ya mistari iliyonyooka ukiwa umesimama na utulivu ukiwa unatembeza. Huwezi kupewa vyote viwili kwa ukamilifu, na tangazo linaloahidi hivyo usilitilie maanani.

Nionyesheni kwa namba.

Tuseme darubini ni ya 8x, na tunaangalia kitu kinachoonekana nyuzi 30 kutoka katikati ya taswira, karibu na ukingo. Kuna kanuni tatu ambazo mbunifu anaweza kuzifuata.

Kanuni ya tangenti: tangenti ya pembe unayoiona ni sawa na mara 8 ya tangenti ya pembe halisi. Mistari yote hubaki imenyooka, mpindo ni sifuri. Lakini pale kwenye nyuzi 30, ukuzaji kuelekea ukingo ni takribani mara 6.0 tu, na ukuzaji wa kukatisha mwelekeo huo ni takribani 6.9. Mwezi ukiwekwa hapo unabanwa kwa takribani asilimia 13 na kuwa yai. Kitu kinachotoka katikati kuelekea ukingo kinafika hapo kwa robo tatu tu ya kasi iliyoonekana katikati. Kupungua huko kwa kasi na ukubwa ndiko kunakoonekana kama tufe.

Kanuni ya pembe: pembe unayoiona ni mara 8 ya pembe halisi, basi. Kasi ya kuelekea ukingo ni ileile kila mahali. Gharama yake ni mpindo wa mto wa takribani asilimia 10 kwenye nyuzi 30, na Mwezi unavutwa kidogo kuelekea nje, kama asilimia 5.

Kanuni ya duara imekaa kati ya hizo mbili: hapa tangenti ya nusu ya pembe ndiyo inayozidishwa mara 8. Mwezi hubaki duara popote utakapouweka, ingawa ukingoni unapungua kwa takribani asilimia 7. Mpindo wa mto ni kama asilimia 7.6.

Darubini nyingi zinazouzwa zimeangukia mahali fulani kati ya tangenti na pembe. Ni wachache wanaochapisha ni wapi hasa.

Kama mistari imenyooka kikamilifu, kwa nini ubongo uone tufe?

Hili ndilo swali lenyewe, na kwa muda mrefu lilijibiwa nusunusu. Kijiometria, darubini ya kanuni ya tangenti inatoa picha bapa iliyo sahihi. Jicho kamilifu lililounganishwa na ubongo unaosoma pembe bila kosa lingeona bapa lenye michoro likiteleza mbele yake, si tufe.

Tatizo ni kwamba sisi hatuoni hivyo. Katika karne ya 19, mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alichora ubao wa drafti ambao mistari yake imepindishwa kwa umbo la mto. Ukiutazama kwa jicho moja kutoka karibu, kwa umbali unaofaa, watu wengi huona miraba iliyonyooka. Maana yake ni kwamba mwono wetu wa pembeni una kiasi chake cha mpindo wa pipa, na mpindo wa mto uliochorwa unaufuta. Mwaka 2010 mwanafizikia Holger Merlitz alitumia wazo hilo kwa darubini: taswira bapa ikipita kwenye mwono wenye mpindo wa pipa, inatuna katikati, na ikitembezwa inaviringika. Mpindo wa mto ndani ya darubini unalipia deni hilo.

Kwa nini basi ukiwa umesimama huoni dunia imetuna? Kwa sababu ukiona mlango, ubongo unajua mlango umenyooka na unasahihisha. Mwendo ndio unaofichua, hasa mwendo unaojaza uwanja wote kwa pamoja.

Mwenzangu anatumia darubini hiyohiyo na haoni kitu. Nani anakosea?

Hakuna. Kiasi cha mpindo kilichomo kwenye mwono hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mwenye kiasi kidogo ataridhika na darubini ya mistari iliyonyooka, na ile ya mpindo wa mto ataiona imezidisha, hata mandhari itaonekana kuingia ndani kama bakuli inapotembezwa. Mwenye kiasi kikubwa ataona tufe mahali ambapo wenzake hawaoni chochote. Kwa hiyo maoni ya mtu mwingine kuhusu jambo hili, hata awe mtaalamu, hayatabiri utakachokiona wewe. Ukali, mwangaza na rangi za darubini unaweza kumwamini mkaguzi. Hili lazima uweke jicho lako mwenyewe.

Zipo pia tofauti za matumizi. Anayetazama katikati tu na kuliacha eneo la pembeni lijitegemee haoni sana mpindo. Anayezungusha macho ndani ya uwanja hadi ukingoni huuona upesi.

Nijaribuje dukani kabla ya kulipa?

Dakika 10 zinatosha, ila utoke nje au usimame kwenye dirisha lililo wazi. Kioo cha dirisha kitakuchanganya.

1. Rekebisha upana wa macho mpaka uone duara moja safi, kisha dayopta, kisha fokasi kwenye kitu kilicho mita 50 au zaidi.
2. Tafuta ukingo mrefu wa wima, kama kona ya jengo. Egemeza darubini kwenye kitu imara au ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu. Weka ukingo huo katikati, kisha usogeze nusu ya njia, robo tatu, na mwisho karibu kabisa na ukingo wa uwanja. Angalia unaanza kupinda wapi na unaelekea upande gani. Rudia kwa mstari wa mlalo.
3. Tembeza darubini kwa kasi ya kawaida juu ya eneo lenye michoro mingi na kina kidogo: nyasi, majani, matofali, safu ya miti. Kitu kimoja kichukue sekunde 2 au 3 kuvuka uwanja. Kaza macho katikati, usikifuate kitu. Ukikifuata, athari hupotea na jaribio halina maana.
4. Rudia hatua ya 3 kwa kutembeza juu na chini.
5. Acha darubini, pumzisha macho dakika moja, kisha urudie. Mara ya kwanza watu huwa wanaona wanachotarajia kuona.

Usiku wenye Mwezi ukikupata, jaribio la umbo ni rahisi zaidi: uweke katikati, kisha ukingoni, na uangalie kama umekuwa yai na yai limelala upande gani. Likibanwa kuelekea ukingo, darubini iko upande wa tangenti. Likivutwa nje, iko upande wa pembe. Mwezi ukibaki duara safi, mbunifu amefuata kanuni ya duara au karibu nayo. Usielekeze darubini kwenye Jua kwa jaribio lolote lile.

Je, ninaweza kupima kiasi cha mpindo mwenyewe?

Unaweza kukadiria vizuri kwa kulinganisha uwanja halisi na uwanja unaoonekana.

Uwanja halisi: simama mita 100 kutoka kwenye ukuta au uzio mrefu, weka alama mahali ukingo wa kushoto na wa kulia wa uwanja unapoangukia, pima umbali kati yake. Mita 14.0 ni nyuzi 8, mita 12.2 ni nyuzi 7.

Uwanja unaoonekana: simama mita 2 kutoka kwenye ukuta mtupu. Tazama kwa jicho la kulia kupitia bomba la kushoto, ili bomba la pili libaki nje upande wa kulia na jicho la kushoto liwe huru. Fungua macho yote mawili. Duara la mwanga la darubini litaonekana limeelea juu ya ukuta unaouona kwa jicho tupu. Mwenzako aweke alama kwenye kingo zake mbili. Gawa upana huo kwa 4, ambayo ni mara mbili ya umbali, kisha tafuta pembe yenye tangenti hiyo na uizidishe kwa 2. Upana wa mita 2.31 ni nyuzi 60.

Mfano: darubini ya 8x, uwanja halisi nyuzi 8, unaoonekana nyuzi 62. Tangenti ya 31 ni 0.601. Mara 8 ya tangenti ya 4 ni 0.559. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 1.074, yaani mpindo wa mto wa takribani asilimia 7 ukingoni. Chanzo kikubwa cha kosa ni ukuzaji wenyewe, maana darubini iliyoandikwa 8x inaweza kuwa 7.8 au 8.2, na hiyo peke yake inakuhamisha asilimia 2.5.

Kwa nini watengenezaji wawili wanaandika uwanja unaoonekana tofauti kwa darubini zinazofanana?

Mmoja anazidisha tu: 8 mara nyuzi 8 ni 64. Mwingine anatumia kanuni ya tangenti iliyomo kwenye kiwango cha ISO 14132-1 cha mwaka 2002, na kupata 58.4. Zote ni hesabu za karatasi, hakuna aliyepima. Ukilinganisha darubini, tumia uwanja halisi, ule wa mita kwa mita 1,000.

Pembeni pana ukungu. Huo nao ni mpindo?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Kaza fokasi katikati, kisha peleka kitu hichohicho ukingoni. Kikiwa na ukungu, zungusha gurudumu la fokasi kidogo. Kikikaza, hiyo ni mkunjo wa uwanja: katikati na pembeni hazikai kwenye fokasi moja. Vijana huufidia bila kujua kwa sababu lenzi ya jicho lao bado inajikaza yenyewe; waliovuka miaka 50 hawana msaada huo. Kisipokaza kwa fokasi yoyote, ni astigmatizimu (miale ya nukta moja kutokutana mahali pamoja) au kasoro nyingine. Mistari ya rangi ya zambarau na kijani kwenye kingo ni jambo la tatu tena, la rangi.

Lenzi za kusawazisha uwanja zinatibu mkunjo wa uwanja. Hazikuwekwa kwa ajili ya mpindo, ila mara nyingi huambatana na mpindo mdogo, na hivyo darubini kali hadi ukingoni ndizo zinazolalamikiwa zaidi kwa athari ya tufe. Ukali wenyewe unachangia: pembeni kukiwa na ukungu, jicho halina kitu cha kushika ili lione kikiviringika.

Nikitembeza napata kizunguzungu. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha si mabomba kutolingana. Tazama antena au nyota, kisha itenge darubini polepole na macho hadi sentimita 10 hivi. Ukiona vitu viwili, au kichwa kinauma hata ukitazama kitu kilichosimama, tatizo ni mabomba kutoelekea upande mmoja. Linatibika kwa fundi na halihusiani na mpindo.

Ikiwa ni mwendo tu unaokusumbua, badilisha namna ya kufagia. Tembeza, simama, tazama, tembeza tena, kila hatua ikiingiliana na iliyopita kwa theluthi ya uwanja. Geuza kiwiliwili kizima badala ya mikono peke yake. Wengi huizoea darubini mpya baada ya siku kadhaa au wiki chache za kuitumia mara kwa mara, na athari hufifia kabisa. Wachache haiwatoki. Ukinunua darubini yenye mpindo mdogo, ulizia muda wa kurudisha bidhaa, na uitumie kila siku ndani ya muda huo badala ya kuiweka kabatini.

Ninavaa miwani. Inabadilisha chochote?

Inabadilisha. Miwani ya kutoona mbali ina mpindo wake wa pipa, na ya kutoona karibu ina wa mto. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unavyoongezeka. Anayetumia darubini akiwa na miwani ya kutoona mbali yenye namba -5 (dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi) anapunguziwa sehemu ya mpindo wa mto, na akiivua huona mistari imepinda zaidi. Fanya majaribio kwa hali utakayoitumia. Kwa miwani yenye namba zinazobadilika kuelekea chini, tazama kupitia sehemu ya juu, kwani sehemu ya chini na ya pembeni ina mpindo usiolingana na itakuharibia kila jaribio.

Nimepiga picha kwa simu kupitia darubini. Inathibitisha mpindo?

Kwa kiasi. Lenzi ya simu ina mpindo wake, programu ya simu inausahihisha kwa namna yake, na simu ikikaa upande kidogo tu picha nzima inaegemea. Picha inaweza kukuonyesha kwamba mpindo upo na ni wa aina gani. Haiwezi kukuambia utaona nini ukitembeza, kwa sababu nusu ya jambo hilo imo kichwani mwako.

Darubini yangu ya majini ina mizani ndani ya taswira. Mpindo unaharibu vipimo?

Hauharibu, kwa vitendo. Mizani imewekwa kwenye fokasi ya lenzi ya mbele, kabla ya lenzi za jicho. Lenzi za jicho zinapopindisha taswira zinaipindisha na mizani kwa kiasi kilekile, kwa hiyo alama na kitu hubaki vimelingana. Kinachopinda ni upeo wa bahari unapouweka juu au chini ya katikati, na kwa kazi ya baharini wengi hupendelea mpindo mdogo kwa sababu hiyo tu.

Basi nichague ipi?

Kwa ndege, wanyama na michezo, ambako mkono hautulii, mpindo wa mto wa wastani ndio salama zaidi. Kwa nyota mpindo mdogo na ukingo mkali hufaa, kwani darubini husimama na anga nyeusi haina michoro ya kuviringika. Kwa majengo, chagua mistari iliyonyooka. Kwa matumizi ya kila kitu anza na ile isiyokusumbua ukitembeza. Jengo lililopinda kidogo ukingoni huzoeleka upesi kuliko uwanda unaoviringika.